Rasimu ya kufunga eneo la uvuvi: boti za michezo na wapiga mshipi wajitetee vipi?

MshipiMkononi ameuliza:

Asalaam aleikum, wana bahari. Swali ni la pwani ya Kenya, lakini ndugu wa Tanga na Pemba msinyamaze, maana sulisuli wanaopita Watamu ndio hao hao wa Mkondo wa Pemba.

Kanuni za uvuvi zinapoandikwa upya, au ramani ya hifadhi inapochorwa, pendekezo moja hurudi: eneo fulani lifungwe kwa "uvuvi wa aina zote". Maneno hayo yakipita yalivyo, boti za uvuvi wa michezo za Malindi, Watamu na Shimoni zinatiwa kapu moja na nyavu za juya na jarife. Mpiga mshipi wa ngalawa naye yumo humo humo. Wakati huo huo samaki wanapungua kweli, na anayetaka kuilinda bahari si adui yetu. Tukienda kwenye kikao na hasira peke yake tutakosa vyote viwili, ruhusa na samaki.

Naomba majibu ya vitendo. Nani hasa huamua, na muda wa kutoa maoni ni upi? Tupeleke ushahidi gani? Na hoja hii ya "kuvua na kuachilia" ina uzito wowote, ilhali maafisa wengi husema samaki aliyeachiliwa hufa tu? Mwisho, meli kubwa za nje: kuna mlango wowote wa kuzifikia, au ni kelele za bure?

---

KalamuYaPwani amejibu:

Waaleikum salaam. Kwanza jua unazungumza na ofisi gani, kwa sababu barua nzuri nyingi hupotea kwa kupelekwa pasipohusika.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeugawa uvuvi. Serikali ya kitaifa imepewa ulinzi wa mazingira na maliasili, na humo uvuvi umetajwa kwa jina. Kaunti nayo imepewa uvuvi chini ya kilimo. Juu ya hayo, hifadhi za bahari zinasimamiwa na KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na masharti ya zana, misimu na maeneo hutoka kwa waziri wa uvuvi kwa Sheria nambari 35 ya 2016, ile ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi. Kwa hiyo ukishika rasimu, usianze na vifungu vya katikati. Soma mstari wa juu unaosema "kwa mamlaka yaliyotolewa na sheria fulani". Mstari huo ndio unaokwambia mlango wa kubisha.

Tofauti ya pili iko kwenye jina la eneo. Mbuga ya bahari, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa 1968, haina uvuvi wa aina yoyote ndani yake. Hifadhi ya bahari inayoizunguka mbuga huruhusu uvuvi wa kienyeji. Kwa Kiingereza maneno haya mawili hayachanganyiki, lakini Kiswahili cha vikaoni huziita zote "hifadhi", watu wakapiga kura ya mikono bila kujua wamekubali lipi. Lazimisha neno liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Sasa muda. Kwa kanuni za kitaifa, Statutory Instruments Act ya 2013, sheria ya utungaji wa kanuni ndogo, ndiyo silaha yenu, na wavuvi wachache sana huitumia:

Kanuni inayotarajiwa kuwatia watu gharama kubwa lazima iandaliwe taarifa ya athari kabla haijatungwa. Taarifa hiyo hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, na umma hupewa muda usiopungua siku 14 wa kutoa maoni. Mkiambiwa "leteni maoni kesho kutwa", jibuni kwa maandishi mkitaja siku hizo 14. Ulizeni pia taarifa ya athari iko wapi. Ikiwa haimtaji mpiga mshipi wala boti ya michezo hata kwa neno moja, hilo peke yake ni hoja.

Kanuni ikishachapishwa, waziri anatakiwa aiwasilishe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Asipofanya hivyo, inakosa nguvu. Halafu kuna kamati ya Bunge inayochunguza kanuni ndogo, nayo ina uwezo wa kupendekeza ibatilishwe nzima au kifungu kimoja tu. Maoni yenu yapelekeni huko pia, hata kama mlikwisha kuyatoa wizarani.

Jambo jingine katika sheria hiyo hiyo: kanuni hufutika yenyewe baada ya miaka 10 isipoongezewa muda. Ndiyo sababu rasimu hurudi kila baada ya kipindi, na ndiyo sababu faili lenu la kumbukumbu halifai kutupwa baada ya vita moja.

Mkinyimwa rasimu au ramani, andikeni ombi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusu ombi la Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Msiombe "taarifa zote kuhusu hifadhi". Ombeni vitu vitatu kwa majina: rasimu yenye tarehe, viwianishi vya mipaka, na takwimu za mavuno zilizotumika kuamua. Ombi pana hujibiwa kwa ukungu.

Kwa mambo ya kaunti, egemeeni Ibara ya 196 ya Katiba, inayoilazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma.

Kuhusu maandishi yenyewe: kila mnachopinga, wekeni chini yake maneno mnayotaka yachukue nafasi yake. Afisa anayeandika rasimu ana kazi nyingi, na aliyemletea kifungu kilicho tayari humsikiliza kuliko aliyemletea kurasa sita za uchungu. Mfano:

*"Ndani ya eneo hili nyavu za aina yoyote haziruhusiwi. Mshipi wa mkono na mshipi wa kukokota vinaruhusiwa nje ya mstari wa miamba. Sulisuli na nduaro wote waachiliwe wakiwa hai. Kila chombo kiwasilishe fomu ya safari ndani ya siku 7, pamoja na safari zisizopata samaki."*

Linganisheni na "uvuvi wa aina zote hauruhusiwi". Kifungu cha kwanza kinalinda samaki na kinaacha watu watatu kazini: nahodha, mpiga mshipi, na mlinzi wa eneo, maana boti halali zinazoshinda baharini ndizo macho ya mlinzi.

---

NahodhaWaKaskazi amejibu:

Nachukua swali la ushahidi na lile la kuachilia, kwa sababu ni kitu kimoja.

Picha za samaki wamening'inizwa gatini si takwimu. Hata "tuliachilia sulisuli 40 msimu huu" si takwimu, kwa sababu haisemi mlitumia juhudi kiasi gani kuwapata. Mtaalamu anataka mavuno kwa juhudi, yaani samaki kwa kila saa ya fimbo. Fomu ya safari inahitaji haya: tarehe, saa ambayo chambo cha kwanza kiliingia majini na saa cha mwisho kilipotoka (siyo saa ya kung'oa nanga), idadi ya fimbo, aina ya chambo, hai au bandia, aina ya ndoano, mahali kwa digrii na dakika, kisha kwa kila aina ya samaki, wangapi walidonoa, wangapi walinaswa, wangapi walifika ubavuni, wangapi waliwekwa alama (kitambulisho chenye nambari), wangapi waliachiliwa, wangapi waliuawa. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, kwa hiyo kuandika "3°21' Kusini" kunatosha kumwambia msomaji ulikuwa ndani au nje ya mstari bila kutoa siri ya jiwe lako.

Kosa linaloharibu kila kitu: kutoandika siku ya mkono mtupu. Tuseme boti imetoka siku 10, fimbo 4, saa 6 kila siku. Hizo ni saa za fimbo 240. Ikipata sulisuli 12 ndani ya siku 5 tu, na siku 5 nyingine zisiandikwe, karatasi itasema samaki 1 kwa kila saa 10 za fimbo. Ukweli ni 1 kwa kila 20. Umewaambia wenye kuamua kwamba samaki ni mara mbili ya walivyo, halafu mwakani ukilalamika wamepungua, karatasi yako mwenyewe itakupinga.

Kosa la pili ni majina. "Sulisuli" hubeba samaki zaidi ya mmoja, na wengine huita nduaro wote kwa jina moja. Kwenye fomu tenganisheni hivi. Sulisuli wa tanga, *Istiophorus platypterus*: pezi la mgongoni ni refu kuliko kimo cha mwili wake. Nduaro mweusi, *Istiompax indica*: pezi la kifuani ni gumu, halilali ubavuni hata ukilisukuma (usitumie nguvu, utalivunja). Nduaro wa buluu: pezi la kifuani linalala, na ncha ya pezi la mgongoni ni fupi kuliko kimo cha mwili. Nduaro wa milia: linalala pia, lakini ncha ya pezi la mgongoni inakaribia kimo cha mwili au kukipita. Milia peke yake isikudanganye, maana wa buluu naye huwa nayo.

Sasa hoja ya "hufa tu". Jibu la haki ni kwamba inategemea ulivyomvua. Anayekufa sana ni aliyemeza ndoano ya umbo la J ndani ya chambo hai, ikamtoboa koo au tumbo, au aliyepiganwa naye muda mrefu kwa uzi mwembamba, au aliyepandishwa botini kwa ajili ya picha. Kila kimoja kina dawa yake.

Kwa chambo hai au cha samaki mfu, tumieni ndoano ya duara ambayo ncha yake haikupindwa upande. Hapa mabaharia wengi huikosea: ukivuta fimbo kwa kishindo kama ulivyozoea kwa J, ndoano inatoka mdomoni. Samaki akichukua, acha uzi uende sekunde chache, halafu funga rili (kigurudumu cha uzi) polepole uzi ukaze wenyewe. Ndoano inateleza mpaka pembe ya taya na kushika hapo. Usinunue ya chuma kisichoshika kutu; ile ya kawaida ikibaki mdomoni huliwa na kutu.

Breki ya rili iwekeni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 30 ni karibu kilo 13.6, kwa hiyo breki ni kati ya kilo 3.4 na 4.5. Pimeni kwa mizani ya ndoano kabla ya kutoka gatini, msikisie kwa mkono. Breki legevu humchosha samaki bila faida.

Akifika ubavuni, boti isisimame. Iende taratibu, maili 2 au 3 kwa saa, kichwa cha samaki kikielekea mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Mtu mmoja mwenye glavu anashika mdomo mrefu kwa mikono miwili, vidole gumba vikitazamana, ili samaki akiruka ncha isije usoni. Alama inachomwa kwenye nyama ya bega, chini ya pezi la mgongoni na juu ya mstari wa ubavu, mbali na kichwa na matamvua. Nambari ya alama isomwe kwa sauti na kuandikwa *kabla* ya kuchoma. Ikishaingia majini hutaisoma. Urefu hukadiriwa kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia, si kutoka ncha ya mdomo mrefu, kwa sababu mdomo huo huvunjika. Ndoano ikiwa ndani sana, kata uzi karibu nayo na umwache. Kuchokonoa kunaua kuliko kuacha.

Usimwachie mpaka ujisikie ukivutwa. Samaki aliyefifia rangi na asiyepiga mkia atazama kama gogo. Aliye tayari hurudisha buluu yake mgongoni, hukaza mwili, na mkia huanza kupiga kwa mpigo mmoja mmoja. Hapo fungua mikono.

Fomu yenye safu ya "hali alipoachiliwa" inawajibu maafisa kuliko hotuba. Andikeni pia waliokufa. Karatasi isiyo na kifo hata kimoja kwa msimu mzima haiaminiki, wala haipaswi kuaminiwa.

---

BintiNgalawa amejibu:

Yote sawa, ila mnazungumza kama bahari ni ya mlingoti na fimbo peke yake.

Samaki wa chini hawaachiliwi kwa namna hiyo. Chewa akitolewa mita 30 au zaidi, pulizo la hewa tumboni hutanuka, macho yakatoka na tumbo likatokeza mdomoni. Ukimtupa juu anaelea, naye ni wa mwewe wa bahari. Wala usilitoboe hilo linalotoka mdomoni ukidhani ni pulizo; ni tumbo lake. Mshusheni: kreti ya plastiki iliyopinduliwa, kamba juu, kilo 2 au 3 za risasi pembeni, samaki ndani, teremsha mpaka kina kizuri kisha pandisha kreti haraka. Anatoka mwenyewe. Kwenye mwamba wa kina kirefu, mkishapata wa kutosha hameni, msikae mkiachilia.

Jambo la pili. Wenye boti za michezo wakienda kwenye kikao peke yao watashindwa, na watakuwa wamestahili. Kijiji huuliza: wao wanakuja kucheza, sisi tunakula, kwa nini wabaki wao? Nendeni kupitia BMU, kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo. Kubalini kwanza tengefu ya wanakijiji, yaani eneo walilolifunga wenyewe, kama ile ya Kuruwitu iliyoanzishwa 2005, ibaki imefungwa kwenu pia. Eneo la kuzalia samaki halina mgeni wala mwenyeji. Kisha mpatane juu ya nyavu: boti ya kukokota ikipita juu ya jarife usiku wa kuamkia alfajiri, anayepoteza ni mwenye jarife. Patana rangi ya boya, taa, na saa za kutega, iandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa pamoja wa BMU. Rasimu ya serikali ikija, mna hati yenye sahihi za pande zote.

---

MshipiMkononi:

Shukrani sana. Dada BintiNgalawa, hoja ya kukubali tengefu kwanza nitaibeba nzima. Fomu ya safari tutaitoa kwa Kiswahili, yenye picha za mapezi. Limebaki la meli kubwa.

---

KipimoCha200 amejibu:

Mlango upo, na jina lake ni Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao Victoria, Shelisheli. Kenya na Tanzania ni wanachama. Jina linasema jodari, lakini sulisuli, nduaro na samaki-upanga wote wamo kwenye orodha yake.

Azimio lake 18/05 la 2018 liliweka viwango vya mavuno kwa mwaka: nduaro wa milia tani 3,260, nduaro mweusi tani 9,932, nduaro wa buluu tani 11,930, sulisuli tani 25,000. Lilikataza pia kubeba yeyote aliye chini ya sentimita 60 kwa kipimo kile kile cha taya la chini hadi panda ya mkia. Viwango hivi ni vya bahari nzima, si vya kila nchi, na hapo ndipo udhaifu: kikipitwa, hakuna mmoja anayebanwa, wote huangaliana. Nduaro wa milia ndiye aliye taabani. Tathmini za kisayansi za tume zimerudia kusema amevuliwa kupita kiasi na bado anavuliwa kupita kiasi.

Nani anawamaliza? Sehemu kubwa ya samaki hawa hunaswa na nyavu za kuelea na kamba ndefu za ndoano. Azimio 17/07 linakataza nyavu za kuelea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.5, na tangu Januari 1, 2022 katazo hilo linafika hadi ndani ya maji ya kiuchumi ya nchi wanachama, siyo bahari kuu peke yake. Mkiona wavu wa namna hiyo, usiukate. Andika saa, digrii na dakika, jina au nambari ya chombo, piga picha ya boya la mwanzo na la mwisho ukiwa na nafasi ya kila moja. Umbali kati ya nafasi hizo mbili ndio ushahidi wa urefu. Picha ya wavu katikati haithibitishi chochote.

Na sheria hii si ya meli peke yake. Azimio 12/09 la 2012 kuhusu papa wa jamii ya *Alopias*, wale wenye mkia mrefu kama panga, liliwataja wavuvi wa michezo moja kwa moja: waachilieni hai, na muwe na vifaa vya kuwaachilia. Boti inayodai haki ya kuingia eneo huku ikipandisha papa huyu imejifungia yenyewe.

Mjue pia maazimio huweza kufa. Mkataba wa tume unampa mwanachama siku 120 za kupinga, na wapingaji wakizidi theluthi moja, azimio haliwabani wengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa azimio 23/02 juu ya vyelezo vya kuelea vya kukusanyia samaki: lilipitishwa kwa kura Mombasa Februari 2023, likafuatwa na pingamizi mpaka likakosa nguvu. Kwa hiyo kura ya siku ya mkutano si mwisho. Siku 120 zinazofuata ndizo za kuwauliza wizarani kwa barua: je, nchi yetu imepinga, na kwa sababu gani?

Kabla ya mkutano mkuu wa kila mwaka mapendekezo huwekwa kwenye tovuti ya tume. Yasomeni, chagueni moja au mawili yanayogusa sulisuli na nduaro, waandikieni wajumbe wa nchi yenu kurasa mbili, na mwambatishe jedwali la fomu zenu za safari. Kikundi kazi cha tume kinachoshughulika na samaki hawa kina uhaba wa takwimu za uvuvi wa michezo. Jedwali la misimu mitatu kutoka Kilifi, lenye siku za mkono mtupu ndani yake, lipelekwe kupitia wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Likipitia kwao linaingia kama takwimu za Kenya.

Fomu ikiwa tayari iweke hapa tuikague safu kwa safu kabla msimu wa kaskazi haujaanza.